Kadi Ambazo Jua Halikuziunguza

Baba yangu alikuwa akilipwa kupima jua. Nikiwaambia watu hivyo wanacheka, wanadhani nafanya mzaha, lakini ndiyo kazi iliyotulisha sisi watoto wanne pale Jabe, mtaa wa Bujumbura, hadi kila mmoja akashika njia yake.

Kituo chake cha hali ya hewa kilikuwa kwenye tambarare, kaskazini mwa mji, kiwanja kilichozungushiwa waya chenye nyasi zilizokatwa fupi. Palikuwa na kopo la kupokea mvua, kisanduku cheupe cha vipimajoto, na juu ya nguzo ya saruji tufe la kioo kizito, ukubwa wa balungi. Nyuma ya tufe kulichomekwa kadi nyembamba ya rangi ya buluu yenye saa za mchana zilizochapwa. Jua likiwaka, kioo kilikusanya miale na kuiunguza ile kadi, na kadiri jua lilivyosogea, ule mstari wa kuungua ulisogea nao. Wingu likipita, mstari ulikatika. Jioni, jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, baba alitoa kadi, akachomeka nyingine, akapima ule mstari kwa rula na kuandika kwenye daftari: masaa saba na nusu, masaa mawili, sifuri. Kisha akaswali magharibi palepale kwenye nyasi, akapanda baiskeli kurudi nyumbani.

Alifanya hivyo kila siku, zaidi ya miaka ishirini. Sikuwahi kumuuliza masaa yale yanamsaidia nani. Nadhani hata yeye hakuwahi kuulizwa na mtu.

Mimi binti yake nilisomea fizikia, nikaifundisha shule ya sekondari kwa miaka kadhaa, kisha nikaacha chaki na kujiunga na duka moja la Jabe linalouza na kufunga umeme wa jua. Wakati huo mji ulikuwa umechoka na umeme unaokatika, na kila mwenye paa alitaka plake, maana ndivyo tunavyoziita zile paneli hapa kwetu. Mafundi walikuwepo. Alichokosa patron, yaani mwenye duka, ni mtu wa hesabu, mtu wa kwenda kwenye paa kabla ya fundi, kuangalia, kisha kurudi na karatasi inayomwambia mteja: plake hizi, juu ya paa hili, zitakupa umeme kiasi hiki.

Niliipenda kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Nilipanda ngazi na dira na kipimo cha pembe. Hapa kwetu jua linapita karibu juu ya utosi, miezi kadhaa upande wa kaskazini, miezi kadhaa upande wa kusini, kwa hiyo mwelekeo wa paa si tatizo kubwa kama wateja wanavyodhani. Wanachosahau ni milima. Asubuhi jua linachelewa kutoka nyuma ya milima ya mashariki, na nyumba za Kiriri zilizobanwa na mlima zinalipata likiwa limeshakomaa. Nilipima mlima, nikapima mti wa jirani na tangi la maji, nikaingiza yote kwenye programu ya kompyuta ambayo tayari ilikuwa na jua la Bujumbura la mwaka mzima, mwezi kwa mwezi. Nikapunguza kidogo kwa sababu ya joto, kidogo kwa sababu ya vumbi, kidogo kwa kinachopotea kwenye waya na betri. Mwisho ilitoka namba moja, nikaizungushia duara. Wateja walikuwa wakiitazama ile namba kama vile nimeitoa mfukoni mwa Mungu.

Zahanati ya Buterere ilitupigia simu mwezi wa saba, katikati ya impeshi, kiangazi chetu, wakati mashamba ya mpunga yamevunwa na barabara ni unga mtupu. Ilikuwa zahanati ndogo ya watu binafsi, vyumba vitano na ua. Msimamizi wake alikuwa muuguzi wa makamo, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alinitembeza chumba kwa chumba bila haraka. Friji ya chanjo. Taa za chumba cha kujifungulia. Hadubini ya maabara, na mashine ya kuzungusha damu.

"Frigo njo ya kwanza," aliniambia. "Taa zikizimika, tuko na mishumaa. Frigo ikizimika, sina kitu cha kuweka pahali pake."

Nikapanda juu ya paa. Lilikuwa paa zuri, hakuna mti, hakuna ghorofa jirani, milima iko mbali. Wiki iliyofuata nilimpelekea karatasi. Aliisoma yote, hata yale maandishi madogo ambayo hakuna mteja huyasoma, kisha akaweka kidole kwenye duara.

"Hii namba, ni ya kila siku?"

"Ndiyo, mama. Kwa siku."

"Kila siku Mungu anayoleta?"

"Ndiyo."

Nimelirudia jibu lile kichwani mara nyingi. Sikuwa na nia ya kudanganya. Kwenye karatasi niliandika "kwa siku", na kwangu mimi maneno hayo yalimaanisha: chukua umeme wa mwaka mzima, ugawe kwa siku zake. Yeye aliuliza kitu kingine kabisa, na mimi nikaitikia kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu namba yangu ilikuwa nzuri.

Mafundi walifunga plake mwezi wa nane. Mvua za kwanza zikaja na kupita, mfumo ukafanya kazi. Januari ikapita. Muuguzi alinitumia ujumbe mmoja wa kushukuru. Halafu ikaja Aprili.

Mwenye kuijua Buterere anajua Aprili ya kule. Ardhi ni ya chini, maji hayana pa kwenda, mashamba ya mpunga yanaingia uani na ua unaingia ndani ya nyumba. Mawingu yalikaa juu yetu siku nne mfululizo bila kufunguka. Siku ya nne, asubuhi, alinipigia simu, akasema maneno mawili tu: "Kuja uone."

Nilikwenda kwa pikipiki hadi barabara ilipoishia majini, nikavua viatu. Kwenye baraza akina mama walikuwa wakiwafunga watoto mgongoni, wanaondoka. Ilikuwa siku ya chanjo. Wengine walikuwa wametembea na maji ya magotini tangu alfajiri, na sasa waliambiwa warudi wiki nyingine. Hakuna aliyenigombeza. Hawakujua mimi ni nani. Mmoja hata alinisogezea jiwe nikanyage.

Muuguzi alikuwa ameshatoa chupa zote kwenye friji na kuzipanga mezani. Kipimajoto cha ndani kilikuwa kimepanda mno. Zile chupa zilikuwa za kutupwa, zote. Pembeni aliweka karatasi yangu, imekunjuliwa, na duara langu juu yake.

"Nisomee hapa," alisema.

"Mama, hiyo ni wastani. Kuna siku inazidi, kuna siku inapungua—"

"Mi sikukuuliza wastani. Nilikuuliza kila siku. Na we uliitika."

Niliangalia betri, nikaangalia kifaa kinachohifadhi kumbukumbu ya matumizi. Nilitamani kukuta kwamba mtu alichomeka pasi, au simu ishirini, au redio kubwa. Hapakuwa na kitu. Walitumia kile tu walichoniambia watatumia. Siku ya kwanza betri ilishuka nusu, siku ya pili ikashuka zaidi, ya tatu ikawa inajikongoja, ya nne ikafa. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyotengenezwa. Aliyekosea ni mimi.

Dukani, patron alinisikiliza huku akipanga betri kwenye rafu. Si mtu mbaya. Alianza kama fundi wa redio, na anajua kila mteja wake kwa sura. Lakini alisema, "Mvua si kosa la mutu. Waambie wakati wa mvua bazime ile mashine ya damu."

"Hawakuambiwa hivyo wakati wa kununua."

"Hakuna mwenye kuuza nguo akasema zitachakaa."

Ijumaa hiyo nilikwenda kumwona baba. Tangu mama alipofariki anaishi peke yake katika nyumba yetu ya zamani, na mimi humpelekea chakula cha mchana baada ya swala. Alikuwa amestaafu miaka mingi, macho yameanza kuingia ukungu, lakini bado anakaa na mgongo ulionyooka kama mtu anayengoja mkaguzi. Nilimsimulia yote. Nilitegemea anipe pole, kama kawaida yake. Badala yake aliuliza:

"Hayo mawingu, yalifuatana siku ngapi?"

"Nne, baba."

"Nne." Akatafuna taratibu. "Nne si kitu. Programu yako haijui nne?"

"Programu inajua Aprili nzima, baba. Inaichukua kama kitu kimoja."

Alinawa mikono. "Fungua kile chumba cha nyuma. Nyuma ya kitanda, kuko makarato."

Nilijua yapo makatoni, lakini sikuwahi kujua yana nini. Kituoni, kadi zikishanakiliwa kwenye daftari kubwa hazikuwa na kazi tena, na siku ghala lilipokuwa linasafishwa aliomba ruhusa kuzichukua. Mama alimlalamikia miaka mingi kwa sababu ya panya. Katoni sita. Ndani yake kadi zimefungwa mafungu kwa uzi wa katani, mwezi kwa mwezi, kila moja na tarehe nyuma kwa mwandiko wake wa kishule. Zilinuka moshi, moshi mwembamba sana, kama nguo iliyopigwa pasi ya moto mno.

Tulitandika mkeka sebuleni tukazipanga. Kadi za impeshi zilikuwa na mstari mrefu mweusi, umeitoboa kadi kabisa sehemu nyingine hadi mwanga unapita. Kila mstari ulianza baada ya saa moja na nusu asubuhi, kamwe si kabla. Nikamwonyesha, akasema, "Ni mulima huo. Jua linaupanda kwanza." Kadi za Aprili zilikuwa na vidoa, vistari, alama kama za kunguni. Na kulikuwa na kadi safi kabisa, buluu tupu, kama zimetoka kiwandani.

"Hizi ni siku gani, baba?"

"Ni siku pia," alisema. "Kila siku niliweka kadi. Hata ile ambayo jua halikutoka, niliweka."

Kwa majuma mengi nilikwenda kwake Ijumaa na Jumamosi. Yeye alinisomea tarehe, akiishikilia kadi karibu na pua, mimi nikaandika. Sikutafuta wastani. Nilitafuta siku tupu zilizofuatana: moja, mbili, tatu. Karibu kila mwaka kulikuwa na mahali ambapo zilifuatana nne. Mara chache zilifika tano. Mwaka mmoja zilifika saba, na baba aliukumbuka bila hata kugusa kadi, kwa sababu baiskeli yake ilizama njiani na akatembea kwa miguu wiki nzima. Yale yaliyonishangaza kule zahanati, yeye alikuwa ameyaandika tangu nikiwa shule ya msingi.

Hatukukubaliana kwa yote. Kwake yeye kadi tupu ni sifuri. "Haikuungua, basi hakuna jua," alisema. Nilimweleza kwamba plake si kadi. Kadi inahitaji jua kali ndipo iungue, lakini plake hata chini ya wingu hupata kitu.

"Kitu gani? Wingu ni wingu."

"Baba, kama kungekuwa hakuna kitu, mchana wa mvua ungekuwa giza."

Alikasirika kidogo, nilimwona. Miaka ishirini alikuwa ameandika sifuri, na sasa binti yake anamwambia sifuri si sifuri. Jumamosi iliyofuata nilimletea plake ndogo, ukubwa wa sinia, na kipimo chake, nikaiweka juu ya paa la choo uani, kipimo kikabaki chini. Siku hiyo mvua ilikuwa nyepesi, mbingu ya kijivu kutoka mlimani hadi ziwani. Nikamwita. Akatoka na mwavuli, akainama, akakodoa macho kwenye namba.

"Na jua kali inaonyesha ngapi?"

Nikamwambia. Akapiga hesabu midomoni.

"Moja ya tano," alisema.

"Kama hivyo."

"Si kidogo, moja ya tano." Mvua ilimlowesha bega la kushoto. "Kumbe nilikuwa naandika sifuri, na kuko moja ya tano."

Sikupenda sauti aliyoitumia. Nilimwambia kwamba daftari lake halikuwa na kosa, kwamba yeye aliulizwa jua kali ni masaa mangapi, akajibu alichoulizwa. Akaitikia kwa kichwa, akakubali, nadhani. Tangu siku ile alichukua daftari jipya la shule na kuanza kuandika vipimo vya ile plake ndogo, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Akanipigia simu kazini kunisomea. Nilikuwa kwenye mkutano na mteja, simu inalia, nasikia, "Mama, leo alasiri wingu jembamba, imefika nusu!" Huniita mama, kama baba wengi wa hapa wanavyowaita binti zao.

Ilikuwa katika katoni ya tano ndipo tulipofika kwenye pengo. Fungu la mwezi mmoja lilikuwa jembamba kuliko mengine. Nikahesabu kadi, zikapungua kumi na moja. Baba pia alikuwa na daftari lake binafsi alilonakilia masaa ya kila siku, nikalifungua kwenye mwezi ule. Hakukuwa na pengo. Siku zote zilikuwa na masaa yake, hata zile kumi na moja.

"Baba, kadi za siku hizi ziko wapi?"

Alichukua kofia yake magotini, akaikunja, akaikunjua.

"Hakuna kadi," alisema. "Zile siku barabara zilifungwa. Unakumbuka? Hatukutoka."

Nilikumbuka. Nilikuwa mdogo, lakini nilikumbuka godoro lililoegemezwa dirishani, na mama akitupikia maharage yaleyale siku baada ya siku, na milio ya risasi iliyotoka upande wa milimani. Sikukumbuka kwamba katikati ya mambo hayo baba alikuwa anawaza kuhusu kioo chake.

"Nilipofika kituoni baada ya hapo, kadi ilikuwa ni moja tu, imeunguzwa mara kumi na moja juu ya yenyewe, imekatika vipande. Na chef, mkubwa wetu wa kituo, alitaka daftari lijae. Aliniambia, 'Mwisho wa mwezi linatumwa, usiniletee nafasi tupu.' Basi nikajaza."

"Ulijaza vipi?"

"Hapa uani. Asubuhi na jioni nilifungua mulango kidogo. Niliangalia kivuli cha ukuta. Kikiwa kikali, nasema jua liko. Kikipotea, wingu. Nikakumbuka kwa kichwa, nikaandika." Akaniangalia. "Haikuwa uongo mutupu. Lakini haikuwa kipimo. Na sikuandika popote kwamba ni makisio. Niliziandika na wino uleule, kama zingine."

Nilitaka kumwambia haraka kwamba si kitu, kwamba mtu aliyefungua mlango siku zile ili kuangalia kivuli amefanya zaidi ya wajibu wake. Ni kweli, na nilimwambia baadaye. Lakini pale mkekani nilielewa kilichomsumbua, na nilikielewa kuliko ambavyo ningekielewa mwaka mmoja kabla. Hakuna ubaya katika kukisia. Kazi yangu yote ni kukisia. Namba niliyompa yule muuguzi ilikisiwa kwa uangalifu mkubwa kuliko kivuli cha ukuta. Ila nilimpa kana kwamba nimeipima, na yeye akaipangia chanjo za watoto.

"Tufanye nini nazo?" baba akaniuliza, na niliona anauliza kwa dhati, kama mtu aliyelingoja swali hili kwa miaka mingi apate wa kumuuliza.

"Tusizihesabu. Na kwenye daftari lako tuandike ukweli wake."

Nikampa penseli. Akainama juu ya daftari, na kando ya kila moja ya zile siku kumi na moja akaandika, kwa herufi ndogo, neno moja: makisio. Ilimchukua muda. Alipomaliza alilifunga daftari, akaomba chai.

Mwezi wa sita nilirudi Buterere na karatasi mpya. Haikuwa na duara. Ilikuwa na mistari mitatu: umeme wa siku ya jua, umeme wa siku ya kawaida ya mvua, na kilichobaki kwenye betri jioni ya siku ya nne ya mawingu. Ule mstari wa tatu ulikuwa wa aibu. Chini yake niliandika kinachohitajika ili friji isizimike hadi siku ya tano: plake mbili zaidi na betri moja. Na kwamba siku ya sita siwezi kuahidi.

Muuguzi alisoma yote, maandishi madogo pia. Akavua miwani.

"Kwa nini hukuniletea hii ya kwanza?"

"Sikuwa nayo, mama. Na hata ningekuwa nayo, sijui kama ningekuletea. Ile nyingine ilikuwa inapendeza."

Akacheka, cheko fupi la puani. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka. "Sasa hii ninaweza kufanyia kazi," alisema.

Patron alikataa. Alisema mfumo uliuzwa ukiwa kamili, na akianza kuongezea kila mteja aliyenyeshewa atafunga duka. Tuligombana kwa siku mbili, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya wateja. Siku ya tatu, asubuhi, muuguzi alikuja Jabe mwenyewe, na sare yake nyeupe na mwavuli. Alisalimia, akavuta kiti cha plastiki, akakaa mlangoni mwa duka.

"Karibu, madamu, unataka nini?" patron akamuuliza.

"Sitaki kitu. Nangojea."

"Unangojea nani?"

"Nangojea tu. We fanya kazi yako."

Wateja waliingia, wakamwona muuguzi mlangoni, wakamuuliza kulikoni. Naye akawajibu kwa upole kabisa, bila neno la ukali: kwamba plake ziko nzuri, mafundi wako wazuri, ila siku ya nne ya mvua frigo inazimika, na yeye anangoja kusikia duka linasemaje. Kabla ya saa sita patron aliniita nyuma ya rafu. "Bapelekee hizo plake na betri," alinong'ona. "Na ile karatasi yako ya mistari mitatu, kuanzia leo kila mutu aipate, ili nisikaliwe tena mulangoni."

Hatukupoteza wateja wengi kama alivyoogopa. Tulipoteza baadhi. Mmoja alikuwa bwana wa Kiriri, mwenye nyumba kubwa iliyobanwa na mlima, aliyesikiliza maelezo yangu yote barazani kwake kisha akasema, "Madamu, mi nataka namba moja." Nikamwambia sina namba moja. Akachukua watu wengine. Nikipita barabara ile naziona plake zake, nyingi, zinang'aa. Sijui zinampa nini mwezi wa nne. Huenda zinamtosha.

Aprili iliyofuata mawingu yalikaa tena. Siku ya tatu nilianza kuishika simu kila baada ya nusu saa. Siku ya nne niliipiga mimi. Muuguzi akaniambia mashine ya damu ameizima tangu jana yake, vipimo vyote anavifanya asubuhi, na vifuko vya barafu vimejaa kwenye friji. "Kipimajoto kinaonyesha ngapi?" nikamuuliza. Akanisomea. Kilikuwa pale kinapotakiwa kuwa. Siku ya tano kilikuwa bado palepale, na alasiri mbingu ikapasuka upande wa ziwa, likatoka jua la muda wa saa moja hivi, jembamba, la kutosha.

Baba alipolisikia hilo akataka kwenda kuona. Nilimchukua kwa teksi siku barabara ilipokauka. Muuguzi alimtolea kiti uani, akamwita mzee, akampa chai. Yeye hakutaka kukaa. Alizunguka zahanati mara mbili, ameinua uso, mkono juu ya macho, akiuliza nani anaziosha plake na kwa maji gani, na kama kunguru hawazichafui. Akina mama barazani walimtazama wakidhani ni mkubwa fulani wa wizara.

"Mzee," muuguzi akamuuliza, "binti yako anasema we unajua jua la hapa kuliko batu wote. Mwaka huu mvua itaacha lini?"

"Apana, sijui," baba alisema. "Mi nilikuwa naandika tu siku ikiisha."

Akamwomba amwonyeshe friji. Wakaingia ndani pamoja, yeye mbele na muuguzi nyuma. Niliwasikia kupitia dirishani, muuguzi akimsomea kipimajoto, na baba akimwomba arudie tena polepole, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kukisoma bila miwani.